Jina Ni Nyari, Si Jiko la Jahanamu

Naomba nianze na karatasi. Ni ile karatasi iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo muhula uliopita, kando ya orodha ya zamu za kufagia bwalo. Iliandikwa kwa Kiswahili sanifu tangu juu hadi chini: siku ya kuondoka, saa ya kuondoka, mchango wa kila mtu, na onyo kwamba kila msafiri aje na maji na kofia yake. Lakini pale pa kutaja tunakokwenda, pameandikwa "Hell's Kitchen, Marafa". Chama cha Kiswahili, jamani! Sisi ndio tunaowatoza wenzetu shilingi wakichanganya lugha kwenye mikutano ya Jumatano.

Simlaumu aliyeliandika tangazo. Aliandika jina ambalo kila mtu analijua, na lau angeandika Nyari nusu ya wanafunzi wangeuliza ni wapi huko. Hilo ndilo linaloniuma. Sisi ni watoto wa Kilifi. Toka Takaungu hadi Marafa ni safari ya asubuhi moja tu kwa basi, na bado mahali pale tunapajua kwa jina lililo katika vitabu vya watalii, hatupajui kwa jina walilopapa wenyewe.

Safari yenyewe sitaieleza kwa urefu, maana gazeti hili kila mwaka lina insha tatu nne za "tuliamka alfajiri na mapema jogoo wa kwanza alipowika". Tulitoka, tukaishika barabara kuu, tukavuka daraja la Kilifi lililofunguliwa 1991 (kabla ya hapo wazee wetu walivuka kwa feri, na foleni zake hawajazisahau mpaka leo), tukaupita msitu wa Arabuko-Sokoke, tukaipita Gede ambayo magofu yake yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO 2024, hata tukafika Malindi. Waliokaa nyuma waliimba mpaka sauti zikawakauka. Basi.

Ila kuna mahali pamoja ambapo nilitamani dereva apunguze mwendo, nako ni kwenye daraja la mto Sabaki. Wengi wetu tulikuwa tunachungulia maji tukitafuta viboko. Hakuna aliyesema neno juu ya nchi tuliyokuwa tunaingia. Ng'ambo ile ya kaskazini Wagiriama walikuwa wakilima kabla ya Mwingereza kuja kudai kodi na vibarua. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza alizunguka akiwaapisha watu wasikubali. Mwaka 1914 Waingereza wakailipua Kaya Fungo kwa baruti, vita vikazuka, na watu wa ng'ambo ya Sabaki wakaamriwa kuyaacha mashamba yao na kuvuka kuja kusini. Walihamishwa kwa nguvu, na baada ya miaka kadhaa wakaruhusiwa kurudi. Mekatilili mwenyewe amezikwa Bungale, huko huko Magarini. Basi ninapouliza nani ana haki ya kuipa jina ardhi ile, siulizi swali la mchezo. Kuna watu walifukuzwa juu yake, wakarudi.

Ukishavuka Sabaki unaiacha barabara ya Lamu na kushika njia ya Marikebuni. Vumbi jekundu, mihogo, mahindi, mbuzi wasiojua maana ya honi. Marafa yenyewe ni kijiji kama vijiji vingine: maduka, shule, bodaboda chini ya mti. Hakuna mlima wala kilima cha kukuambia kwamba umefika. Ndiyo maana wengine walianza kunung'unika, "Ati tumekuja kuona nini hapa?" Unatembea hatua chache tu nyuma ya nyumba za watu, na ghafla ardhi inakatika mbele ya vidole vyako.

Nitajaribu kueleza, ijapokuwa najua kalamu yangu ni fupi. Ni bonde, lakini si bonde la kawaida. Ndani yake kumesimama kuta na minara ya mwamba, mingine myembamba na mirefu kama minazi iliyokatwa vichwa, mingine imebananana kama watu waliojikunja kwa baridi. Kuna wekundu wa matofali, kuna rangi ya chungwa, kuna waridi, kuna weupe wa chokaa, na rangi hizo zimelala mistari mistari kama mkate wa mofa uliopangwa juu ya mwenzake. Wapiga kelele wa kule nyuma ya basi walinyamaza wote. Mwalimu wetu wa jiografia, ambaye hatujapata kumwona akikosa la kusema, alikaa kimya kama dakika mbili, kisha akavua miwani akaifuta.

Alipopata sauti alitueleza vizuri, na mimi nayarudia kwa ufupi. Ule si moto wala volkano. Ni mchanga ulioletwa na kulazwa tabaka juu ya tabaka mamilioni ya miaka iliyopita, ukashikamana ukawa mwamba, lakini mwamba laini. Wekundu wake ni chuma kilichoshika kutu ndani ya mchanga. Mvua ikinyesha maji yanatafuta pa kupita, yanachimba mfereji, mfereji unakuwa korongo, korongo linakula ukingo, na sehemu iliyo ngumu kidogo inabaki imesimama peke yake ndiyo ile minara. Upepo nao unasaidia. Kazi hiyo haijaisha. Kila masika ukingo unazidi kuliwa, na atakayekwenda kule akiwa mzee hataona bonde lile lile tuliloliona sisi.

Sasa sikilizeni jina. Nyari, kwa Kigiriama, ni mahali palipovunjika penyewe. Penyewe! Hakuna aliyechimba, hakuna aliyelipua, hakuna moto uliotoka chini. Pamevunjika penyewe. Yaani somo lote la mwalimu, la mvua na mifereji na ukingo unaoliwa, wazee walilifupisha wakaliweka katika neno moja kabla ya mtihani wowote wa jiografia kutungwa. Hilo jina jingine linatuambia nini? Linatuambia kwamba kuna joto. Haya, joto lipo, tulifika saa sita mchana na kule chini ni kama umeingia kwenye tanuri, sikatai. Lakini bwalo letu mwezi wa Februari nalo lina joto, na hakuna aliyelibandika jina la Jahanamu, ingawa chakula cha Alhamisi kingetosha kuwa sababu.

Na si maneno ya jiolojia peke yake yaliyomo Nyari. Kijana aliyetutembeza alitusimulia kisa ambacho wengi mmekisikia. Palikuwa na jamaa matajiri wa ng'ombe, ng'ombe wasiohesabika, maziwa mpaka wakakosa pa kuyaweka. Wakawa wanayaogea. Maji waliyaona ni ya maskini. Mwenyezi Mungu akakasirika, ardhi ikawameza wao na boma lao, na ndiyo maana kuta zile zina weupe na wekundu: weupe ni maziwa, wekundu ni damu. Kisa hicho kikanikaa rohoni kwa sababu Magarini ni nchi ya ukame. Watu wanaojua thamani ya ndoo moja ya maji wametunga kisa juu ya watu waliooga kwa maziwa. Ukikifikiria hivyo unaona si ngano ya kulalia watoto.

Tulipopanda juu tulimkuta mama mmoja mzee anauza embe kando ya njia. Mwenzetu mmoja ambaye kwao ni Kaloleni alimwamkia kwa Kigiriama, akamwita hawe, na mara tukawa wageni wake. Yeye alikuwa na kisa kingine. Alisema watu wa pale walionywa wahame, kwamba jambo kubwa lingetokea. Wote wakahama isipokuwa kikongwe mmoja aliyekataa katakata kuiacha nyumba yake. Usiku ule ardhi ikaondoka naye. Tukamuuliza kipi ni cha kweli, cha maziwa au cha kikongwe? Akacheka, akasema vyote ni vya Nyari. Kisha mmoja wetu akamwambia kwamba kwa Kizungu mahali pale panaitwa jiko la Jahanamu. Alipotafsiriwa, hawe aliacha kupanga embe zake akauliza, "Jiko? Jiko la nani?"

Hatukuwa na jibu. Kwa kweli, la nani? Nyumba za watu zimefika karibu na ukingo. Pale watu wanaoa, wanazaa, wanasomesha watoto. Sisi hapa Takaungu tunaijua Jahanamu kutoka madrasa, wenzetu wanaijua kutoka kanisani, na hakuna dini yoyote iliyotufundisha kuitaja kwa mzaha. Nani kati yenu angefurahi mgeni aje, asimame uani kwao, atazame vitu vizuri walivyojaliwa, halafu aseme, "Hapa ni Motoni," na watoto wa nyumba hiyo wapokee wawe wanajitambulisha hivyo?

Nimechunguza nikaona nchi yetu imepewa Jahanamu kwa wingi. Jiko liko Marafa. Lango liko Naivasha! Mwaka 1883 walipita pale wasafiri wawili wa Kizungu, Gustav Fischer Mjerumani na Joseph Thomson Mskoti, wakalipa korongo lile jina la lango la Jahanamu, na ndilo jina la hifadhi ya taifa iliyoanzishwa 1984. Mwamba mmoja mrefu uliosimama pale peke yake unaitwa mnara wa Fischer. Wamaasai wanaliita korongo lile Ol Njorowa, lakini muulize mwanafunzi yeyote kama amewahi kulisikia jina hilo. Na jina la jiko nalo halina hata upya: kuna mtaa mzima katika jiji la New York unaoitwa hivyo hivyo, na siku hizi kuna hata kipindi cha televisheni cha wapishi wanaotukanana. Yaani Nyari, ambayo haina mfano wake pwani nzima, imepewa jina la mtumba.

Naibu katibu wetu amenipinga tangu kwenye basi, na hoja yake nitaieleza kwa haki kwa sababu si ya kipuuzi. Anasema: mgeni analipa ada ya kuingia, kijana anayetembeza wageni anapata riziki, na mgeni huyo amekuja kwa sababu ya lile jina la kutisha. Ukimwandikia Nyari hatakuja, na hawe hatauza embe. "Jina zuri halijazi sufuria," ndivyo alivyosema, na nusu ya basi ikampigia makofi.

Mimi nasema hivi. Thomson huyo huyo jina lake lilipewa mji mzima juu ya maporomoko ya maji kule nyanda za juu. Baada ya uhuru mji ukawa Nyahururu. Hakuna aliyepotea njia. Fort Hall ikawa Murang'a, na magari bado yanafika. Kule Seme, Kisumu, kuna mawe makubwa yaliyopandana yanayoitwa Kit Mikayi, maana yake jiwe la mke mkubwa. Hayajapewa jina la kizungu la kuyasaidia, na wageni wanakwenda, wanalipa, wanasimuliwa kisa cha huyo mke mkubwa. Kwa hakika kisa chenyewe ndicho kinachouza. Mtu akishasikia "mke mkubwa" lazima aulize kulikoni.

Tena nitoke nje ya nchi. Katikati ya Australia kuna mwamba mkubwa mwekundu, nao ni wa mchanga kama wa Nyari ila ni mgumu. Wenyeji wake, Waanangu, wanauita Uluru. Mwaka 1873 mpimaji ardhi mmoja aliupa jina la mkubwa wa serikali, Sir Henry Ayers, na kwa miaka mia moja na zaidi dunia ikauita Ayers Rock. Mwaka 1985 ardhi ile ilirudishwa kwa Waanangu. Mwaka 1993 ukapewa majina mawili rasmi, la Kizungu likitangulia, na mwaka 2002 yakageuzwa, Uluru likawa mbele. Mwaka 2019 watu wakakatazwa kabisa kuupanda, kwa sababu wenyeji walikuwa wameomba miaka mingi usipandwe. Je, watalii wameacha kwenda? Leo hata sisi hapa tukiona picha yake tunasema Uluru. Majina mawili kwenye kibao kimoja ni jambo linalowezekana, na mimi sijamwambia mtu yeyote wa Marafa afute lolote. Kibao chao ni chao. Ninachozungumzia ni karatasi yetu sisi, kwenye ubao wetu sisi.

Kuna jambo jingine la majina nililoliona kule chini, na hili limenikera zaidi kuliko karatasi. Kuta zimekwaruzwa. Mwamba ule ni laini, kijiti tu kinatosha, na watu wameandika humo majina yao, ya wapenzi wao, ya shule zao, na miaka waliyokuja. Niliona hata la timu ya mpira ya Uingereza. Msanii mmoja alikuwa amechonga herufi kubwa kama mlango juu ya mistari ya waridi iliyochukua miaka isiyohesabika kulazwa. Mvua itayafuta, mtasema. Ndiyo, itayafuta pamoja na ukuta, kwa sababu kila mkwaruzo ni njia mpya ya maji. Yule kijana mtembezaji alituomba tusiguse kuta na tusitoke kwenye njia, akaomba kwa upole kama mtu anayeomba kwa mara ya elfu. Wetu wawili walichelewa kutoka kwenye kona moja, na waliporudi walikuwa na vumbi jekundu vidoleni. Sitawataja. Wanasoma gazeti hili.

Sasa, msije mkadhani haya ni ya Marafa tu, mbali na sisi. Hapa Takaungu tuna miamba yetu. Si ya mchanga, ni ya matumbawe ya kale, iliyoliwa na bahari mpaka ikawa na meno na mapango. Nendeni Vuma wakati wa kusi, maji yapigapo chini ya jabali na kuruka juu, ndipo mtajua kwamba jina lile halikuokotwa. Mji wetu umekaliwa na Wamazrui tangu walipotolewa Mombasa mwaka 1837, na wavuvi walikuwapo na majina yao ya kila kichwa cha mwamba na kila mlango wa maji: hapa pana tasi, hapa pana mkondo, hapa usipite na ngalawa maji yakitoka. Nimemwuliza babu yangu mzaa mama, ambaye amevua tangu utoto, akanitajia kumi na moja kwa mfululizo bila kufikiri. Nikamwuliza binamu yangu, ambaye naye huenda baharini lakini kwa kuwapeleka wageni, akajua manne. Mengine aliyataja kwa majina ya hoteli na ya nyumba za watu zilizojengwa juu yake. Kizazi kimoja tu hicho. Mimi mwenyewe kabla ya kumuuliza babu nilijua mawili.

Kwa hiyo natoa mapendekezo, na yana gharama ndogo kuliko mafuta ya basi. Kwanza, katika maandishi yote ya chama hiki, tangazo, ripoti, gazeti, tuandike Nyari. Asiyelijua atauliza, na akiuliza atasimuliwa. Pili, mwakani tukienda tena tutoke mapema zaidi tufike kabla ya jua kali, twende na madaftari, na wanachama wanaojua Kigiriama wawe mbele kwa mara ya kwanza katika historia ya chama hiki badala ya kuchekwa kwa lafudhi yao. Wakusanye visa vya Nyari kwa wazee, vya maziwa, vya kikongwe na vinginevyo, waviandike kama vilivyosemwa kisha tuvitafsiri. Wanajiolojia waliofika kule waliyaita matabaka ya mwamba ule kwa jina la Marafa, na mchanga mwekundu wa nchi hiyo wakauita kwa jina la Magarini. Ikiwa wanasayansi waliona majina ya wenyeji yanatosha kuingia vitabuni, sijui chama cha lugha kinaogopa nini.

Tatu, na hili ndilo nalitaka kuliko yote, tutengeneze ramani ya pwani yetu wenyewe, toka mlango wa hori la Takaungu hadi Vuma, yenye majina ya wavuvi. Babu amekubali kukaa nasi Jumamosi mbili, mradi tumletee kahawa na tusimkatize. Amesema anao wenzake watatu ambao bado wana kumbukumbu nzuri, na mmoja wao hawezi tena kupanda ngazi, kwa hiyo sisi ndio tutakaomwendea.

Hoja hii nimeshampa katibu kwa maandishi, na kwa mujibu wa katiba ya chama inahitaji sahihi kumi na tano ili ijadiliwe. Mpaka gazeti likienda kupigwa chapa zilikuwa tisa. Daftari liko maktaba, rafu ya chini karibu na dirisha, na kalamu nimeifunga kwa uzi.